Mnaotuuzia gesi ya tangi la samaki, semeni yote

Kwa Mhariri,

Naandika barua hii nikiwa bado na hasira, ila nimengoja wiki mbili ipoe nisije nikatukana mtu gazetini. Mimi nafuga samaki wa urembo nyumbani kwangu Tudor, si biashara, ni kupoteza mawazo tu baada ya kazi. Tangi la lita 120 liko sebuleni na ndani nimepanda majani, yakiwemo yale mekundu ambayo ukiyanyima gesi ya kaboni (CO2) yanabaki na rangi ya chai ya maziwa. Basi mwezi uliopita nikanunua mtungi na rejuleta yake, kijana wa duka akanifungia vizuri akaniambia "mzee weka mapovu matatu kwa sekunde, utaona maajabu."

Maajabu nimeyaona. Naamka alfajiri kutafuta maji ya udhu, stima hakuna, namulika tangi kwa simu nakuta samaki wote wako juu midomo nje wanatweta kama waliotoka kukimbia, na wale kamba wadogo wamelala chali. Kile kichupa cha rangi kinachobandikwa kwenye kioo, ambacho kikiwa bluu gesi ni kidogo na kikiwa kijani mambo sawa, kimekuwa manjano kama maji ya bizari. Nikafunga mtungi, nikashika kopo nikawa nateka maji namwaga kutoka juu, nateka namwaga, karibu nusu saa nzima mpaka bega likauma, manake gesi ile hutoka maji yakivurugwa, kisha nikatoa nusu ya maji nikatia ya pipa yaliyokwisha kukaa siku mbili. Wale samaki wadogo wa neon nilikuwa nao 20, wakabaki 9.

Sasa ngoja niwaeleze kilichotokea, maana hakuna aliyeniambia. Majani hula ile gesi kukiwa na mwanga peke yake, taa ikizimwa yanaacha kula na yenyewe yanaanza kupumua kama sisi, yaani usiku yanaongeza gesi na kupunguza oksijeni. Seti niliyouziwa haina solenoidi, ile vavu ya umeme inayojifunga yenyewe stima ikipotea, kwa hivyo gesi iliendelea kuingia usiku kucha, na stima ilipokatika filta nayo ikasimama, maji yakatulia tuli, gesi haina pa kutokea. Ukiwa na solenoidi na taima ya bei rahisi unaweka gesi ifunguke saa moja au mbili kabla ya taa na ifunge saa moja kabla taa kuzimwa, basi umelala usingizi wako. Na wale wanaotengeneza gesi yao kwa hamira na sukari kwenye chupa ya soda wasicheke, yao haina pa kuzimia kabisa, na mpira ukiziba chupa inapasuka, msitumie ya kioo jamani.

Halafu hayo mapovu matatu. Povu si kipimo! Povu la rejuleta yangu si sawa na la yako, na tangi la lita 40 si sawa na la 120. Wanaojua husema miligramu 30 za gesi kwa lita ya maji ndo mwisho, na nyingi ya hesabu hizo ni za watu ambao maji yao yako nyuzi 24. Maji ya nyuzi 24 hushika oksijeni kama miligramu 8.4 kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 7.6, na sisi hapa wakati wa kaskazi tangi linafika hiyo 30 bila hita, na samaki akipata joto anataka hewa zaidi si kidogo. Ndo maana mimi sa hii sifiki hizo miligramu 30, nataka kichupa kibaki kijani kilichokoza. Na kichupa chenyewe kinachelewa, kinakuonyesha hali ya saa moja mbili zilizopita, kwa hivyo ukiongeza ongeza kidogo sana, siku ambayo unashinda nyumbani, uwe unawatazama samaki wenyewe. Usiongeze ukaenda kulala.

Lakini samaki ni samaki, kilichonifanya niandike ni watu. Mpwa wangu ana tangi chumbani anakolala, anafunga madirisha kwa sababu ya AC, na pembeni ya kitanda ameweka mtungi wa kilo 5, tena wa kuzimia moto aliokwenda kujaziwa. Nikamfanyia hesabu mbele yake. Kilo 1 ya gesi ile ikitoka yote inakuwa zaidi ya lita 500, kilo 5 zinapita 2,500, na chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, ni kama lita 22,500 za hewa. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10, na asilimia 4 tu tayari inahesabiwa ni hatari ya maisha papo hapo. Haina harufu na ni nzito kuliko hewa, inakaa chini usawa wa godoro. Akanyamaza. Na huo wa kuzimia moto ndani una mrija unaofika chini, ukiufungulia gesi inaingia kwenye rejuleta ikiwa bado majimaji. Tumeuhamisha mtungi barazani kivulini, umesimama wima na umefungwa mnyororo, na haufunguliwi mpaka fundi atoe ule mrija.

Kingine, msikubali kujaziwa kupita uzito ulioandikwa kwenye mtungi. Gesi ile ikipita nyuzi 31 haibaki maji tena na presha inapanda mbio, na gari lililofungwa kwenye jua la Mombasa linapita hapo kabla hujamaliza kununua mboga Marikiti.

Nilirudi dukani kumwambia yule kijana, akanijibu "ah mzee, si ungeuliza." Mtu utauliza vipi usilolijua? Karatasi moja tu ya Kiswahili ndani ya boksi ingetosha.

Kama anasoma hapa, ajue mapovu yake matatu yamekuwa moja, na solenoidi nimenunua kwa mwengine.

Mfuga samaki,
Tudor, Mombasa