Mayflower Haikutokea Begijnhof

Mhariri,

Miaka kumi na minane nimesoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Makala ya juma lililopita kuhusu Kanisa la Kiingereza la Amsterdam, ninakosali mimi, ndani ya ua wa Begijnhof, imenishinda. Eti lilijengwa na "wataalamu wa Kiingereza", na Mahujaji wa Mayflower, wale Waprotestanti wa Kiingereza waliovuka bahari kwa meli hiyo, walitokea humo kwenda Marekani. Sentensi moja, makosa mawili.

Hawakulijenga, walipewa. Lilikuwa kanisa la mabegini, wanawake Wakatoliki walioishi kwa sala na huduma bila kula nadhiri za utawa. Waprotestanti waliposhika mji mwaka 1578, wakanyang'anywa kanisa; nyumba wakaachiwa kwa kuwa zilikuwa mali yao. Mwaka 1607 jengo likakabidhiwa Waingereza, na John Paget akawa mchungaji wao wa kwanza. Akina mama wale wakabaki kusali kwa kificho, hadi mwaka 1671 walipounganisha nyumba mbili ng'ambo ya njia ziwe kanisa, kwa sharti kwamba kwa nje lisifanane na kanisa. Mlango wao uko hatua chache tu kutoka wetu. Mwandishi wako alipita katikati ya milango hiyo miwili, akaona maua.

Mahujaji walifika Amsterdam 1608, mwaka uliofuata wakahamia mji wa Leiden, na 1620 wakaondokea bandari ya Delfshaven kwa jahazi la Speedwell. Mayflower waliikuta Uingereza. Wala hawakuwa kondoo wa Paget: wao walijitenga kabisa na Kanisa la Uingereza, naye alipinga kujitenga huko kwa maandishi. Dirisha letu la vioo vya rangi linawakumbuka, sawa. Dirisha si cheti cha ubatizo.

Mwaka jana, Jumapili moja, nimetoka ibadani na Biblia kwapani, nikamkuta mwongoza watalii mlangoni, mwavuli wa njano juu, akiwamwagia watu kama thelathini hadithi hiyo hiyo. Nikamwambia kwa upole, "Samahani ndugu, hao ni wa Leiden." Akanipima kuanzia viatu hadi kofia, kisha akaniuliza nimekuja lini Uholanzi. Mimi! Mlangoni mwa kanisa ambalo tangu 1607 ni la wageni, na yeye mwenyewe anapata riziki kwa kusimulia habari za wageni! Watalii wakacheka. Mmoja akaomba kunipiga picha.

Ndipo hilo neno "wataalamu" linaponichoma. Paget alivuliwa uchungaji kwao kwa kukaidi taratibu za maaskofu, akavuka bahari kutafuta pa kuhubiri. Gazeti lako linamwita mtaalamu. Toleo hilo hilo, ukurasa wa sita, muuguzi Mwafrika mwenye shahada mbili, aliyeitwa na hospitali kwa barua, ni "mhamiaji". Mhariri, kamusi yenu huchapishwa wapi? Au rangi ya abiria ndiyo inayoamua jina la safari?

Naomba masahihisho, ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule, na kwa mwezi mzima kila Mwingereza aliyehama aandikwe mhamiaji, tuone simu zitakavyolia mezani kwako. Yule wa mwavuli, ukikutana naye, mwambie auandike huo mwavuli 1578 upande mmoja na 1607 upande wa pili. Mvua huku hainyeshi haba. Atapata muda wa kusoma.

Msharika wa benchi la nyuma,
Amsterdam