Tuchangie kinamama wenye watoto njiti pale Muhimbili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Ni sisi kinamama wa usharika, tunaomba dakika zenu chache maana hili jambo tumelibeba moyoni toka mwaka jana na sasa tumeona tulilete kwenu.

Mtoto njiti mnamjua alivyo? Mjukuu wangu alizaliwa wiki ya 29, gramu 1,150, yaani ni pakiti ya sukari ya kilo moja na kidogo tu juu yake. Unyayo wake ulikuwa kama kidole changu gumba. Mtoto wa hivyo hana mafuta mwilini, joto linamtoka haraka, kunyonya hajui, maziwa anapewa kwa mpira mwembamba unaopita puani, mililita chache tu kila baada ya masaa mawili matatu, usiku na mchana, na hayo maziwa mama ndo ayakamue. Mama mwenyewe keshapata nafuu anaweza kurudi nyumbani lakini mtoto habanduki pale, wiki nne, sita, wengine nane. Sasa mama wa Mkuranga aliyekuja na kanga mbili na nauli ya kwenda tu anafanyaje?

Jamani Muhimbili yenyewe ilianza kwa mkono wa mtu aliyetoa. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, alitoa hela zake ijengwe hospitali hapa Dar, ndo maana mpaka leo tunasema naenda Sewahaji kumwona mgonjwa, wengi hata hatujui kama ni jina la mtu. 1956 ikafunguliwa hospitali mpya pale Upanga kwa jina la Princess Margaret, baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na 1963 shule ya udaktari ikaanza, hiyo hiyo ambayo 2007 imekuwa chuo kikuu, MUHAS. Ukikuta vijana wa makoti meupe wamezunguka kitanda cha mgonjwa wako wanamsikiliza daktari bingwa, usinune, daktari wa wilayani kwenu ndo anavyopatikana. Novemba 2017 wakapandikiza figo pale pale kwa mara ya kwanza, zamani safari ilikuwa India. Utaalamu tunao.

Ila kwa njiti, dawa mojawapo kubwa ni kifua cha mama. Anafungwa kifuani ngozi kwa ngozi, ndo wanaita kangaroo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2021, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha watoto waliobebwa hivyo mapema, bila kusubiri hali itulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa robo. Robo nzima! Lakini kifua hakiwezi kuwepo kama mama amekosa nauli, au ana njaa na maziwa hayatoki.

Kwa hiyo tunachangisha shilingi milioni 3 za kuanzia. Hela itaenda kwenye nauli za daladala na mabasi, uji na chakula cha kinamama, kanga za kufungia mtoto, pampas ndogo, soksi na kofia. Hatutagawa wenyewe kiholela, tutapitia ustawi wa jamii wa hospitali ambao wanajua nani kweli hana mtu mjini, na risiti zote mhazini wetu atazisoma kanisani kila mwisho wa mwezi.

Mwenye elfu mbili alete, mwenye laki alete, ahadi tunaandika Jumapili hii baada ya ibada ya pili. Kinababa msituachie sisi peke yetu, hao watoto wana baba pia. Na mnaojua kufuma njooni Jumatano jioni baada ya maombi, sindano zipo, leteni uzi laini tu usiochoma, kofia iwe ndogo ya kutosha chungwa.