YAH: KUTU MLIYOIFUNIKA KWA DAWA, NA FEDHA INAYOENDELEA KUNITOKA KWENYE VANI YANGU YA KAZI

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo naitafuta kwa shida tangu nilipotoka kwenye kaunta ya gereji yenu. Masharti ya dhamana ya kutu mnayajua, ninyi ndio mliyoyaandika, kwa hiyo sitapoteza wino kuyanukuu. Kifungu cha kutoboka kipo. Bati limetoboka.

Kizingiti cha upande wa kushoto, chini ya mlango wa kusukuma, kimeoza kutokea ndani. Mafundi wenu hawakukwangua. Hawakupitisha brashi ya waya wala msasa. Walinyunyiza ile dawa nyeusi ya kukinga kutu juu ya tope na kutu iliyokuwepo, kisha wakaandika kwenye karatasi ya kazi kwamba gari "limesafishwa na kukingwa". Kutu ikifunikwa haifi. Inachotaka ni maji na hewa, na vyote viwili mlivifungia humo humo. Juu ya hilo, dawa yenu imeziba vile vitundu vya chini ya kizingiti vinavyotoa maji. Vitundu vile havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mvua ikinyesha maji yanaingia na hayatoki. Nikikanyaga breki nayasikia yakikimbilia mbele ndani ya kizingiti, nikiondoka yanarudi nyuma.

Nilikuja kwenu na ushahidi. Ni kipande cha bati kilichobaki mkononi siku nilipopachika jeki pale panapopaswa kupachikwa, jeki ikapanda na gari likabaki chini. Upande mmoja kina dawa yenu, nyeusi, inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Upande wa pili ni maganda matupu, tabaka juu ya tabaka, yanabomoka kwa kucha. Kijana wenu wa kaunta, huyo mnayemwita msimamizi wa huduma, alikishika kwa vidole viwili, akakitupa kwenye ndoo ya taka, akasema: "Mzee, gari hii ni ya kupeleka kwenye mizani ya chuma chakavu, siyo gereji." Watu wakacheka.

Naijua vani yangu ni ya zamani. Uzee wake haukuwazuia kupokea fedha yangu. Mliponiuzia mkataba wa matengenezo mlisema utashusha gharama za uendeshaji, na mimi nikaukubali kwa hesabu ya mtu wa kazi: gari kuukuu lisilo na deni ni nafuu kuliko jipya la mkopo, mradi bodi ishike. Injini inabadilishwa. Giaboksi inabadilishwa. Bati likishaoza mpaka kwenye chesisi, hakuna spea ya kununua. Ndiyo maana nililipia kinga ya kutu kabla ya kitu kingine chochote. Daftari langu linaonyesha dizeli, oili, filta na bima ziko pale pale zilipokuwa. Kilichopanda ni ankara zenu. Kila nikileta gari kuna ada ya kupima kwa kompyuta, hata tatizo likiwa ni tundu ambalo mtoto anaweza kupitisha kidole, na kila ankara ina mstari wa "vifaa vidogo vidogo" ambao sijapata kuelezwa ni vifaa gani.

Tairi ya nyuma kushoto imeliwa upande mmoja. Mliniuzia mpya, nayo ikaliwa vile vile. Hakuna aliyeinama kuona kwamba kishikio cha springi kimeachia kwa kutu na ekseli imekaa upande. Nimekiona mwenyewe, na kazi yangu ni bomba, siyo magari.

Na breki. Hili lilikuwa kabla ya tairi, na kabla ya kaunta, lakini liandikwe. Paipu ya breki inayopita juu ya ekseli ya nyuma ilipasuka nikiwa na mzigo kamili, kwenye mteremko. Pedali ilikwenda mpaka kwenye zulia. Namshukuru Mungu breki ya mkono ilishika. Paipu ile nayo mlikuwa mmeipaka dawa juu ya kutu, ndiyo maana kwa macho ilionekana nzima. Mnaelewa maana yake? Kitu ambacho mkaguzi angekiona kimeliwa na kutu, ninyi mlikificha, nami nikakilipia.

Sasa nirudi kwenye kaunta, maana naona nimepaeleza kwa haraka mno. Niliingia na kijana wangu ninayemfundisha kazi. Nikasalimia, sikuitikiwa, msimamizi wenu alikuwa kwenye simu yake. Nikatandika gazeti juu ya kaunta nisichafue, nikaweka kile kipande juu yake. Hakuuliza kimetoka wapi. Hakufungua faili langu. Vani ilikuwa mlangoni, angeiona kwa kugeuza shingo tu, hakugeuza. Alikitupa na yale maneno ya mizani akayasema kwa sauti, ili wateja waliokaa kwenye benchi wasikie. Nikainama, mimi mtu mzima, nikaingiza mkono kwenye ndoo yenye vikombe vya chai na matambara ya grisi, nikakitoa. Hapo akaongeza neno ambalo sikuliandika juu: "Basi chukua, kauze." Kijana wangu alitazama chini mpaka tulipotoka.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai jambo moja tu, kwamba mkwangue dawa yenu, mkate bati bovu, mchomelee jipya pande zote mbili bila malipo. Silitaki tena kwa mikono yenu. Kazi hiyo itafanywa na gereji nitakayoichagua mimi, ankara mtalipa ninyi. Mtarudisha fedha yote ya kinga ya kutu na ya mkataba wa matengenezo. Mtalipa tairi zote mbili, paipu ya breki, na mapato ya siku ambazo gari lilikaa kwenu huku wateja wangu wakiita fundi mwingine. Na yule msimamizi aniombe radhi mbele ya kijana wangu, pale pale kwenye kaunta, kwa sauti ile ile.

Mna siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, suala litakwenda kwa mwanasheria na kwa chombo kinachosimamia haki za walaji. Lile la paipu halingojei siku 14. Taarifa yake naipeleka kwa wakaguzi wa magari wiki hii, kwa sababu siamini kuwa yangu ndiyo paipu pekee mliyoipaka. Mafundi wenzangu wenye mikataba nanyi nimeshawaambia waingie chini ya magari yao na bisibisi, wagonge penye weusi. Wawili wameshanipigia simu, na hawakuwa na habari njema.

Jibu lije kwa maandishi, likiwa na sahihi yako wewe Meneja Mkuu. Yule kijana asinipigie, akipiga sipokei. Kipande cha bati ninacho, kimefungwa kwenye mfuko pamoja na karatasi yenu ya kazi, na hakitoki mkononi mwangu mpaka akihitaji hakimu au mkaguzi.

Mteja wenu mpaka mkataba utakapovunjwa,

(Sahihi)
Fundi bomba, mwenye vani

Nakala: Mwanasheria