Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: Tembe za kansa zimefika nyumbani, nesi hakuja nazo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Kaunti ya Lamu.

Assalaam aleikum, Mheshimiwa.

Mimi nauza dawa hapa Langoni, katika duka dogo ambalo watu hupitia wakitoka sokoni, na wengine wakishuka botini kutoka Faza, Siyu na Kizingitini. Dawa za kansa siziuzi. Lakini wanaozimeza huja kwangu. Huuliza mafuta ya kupaka mikono, dawa ya kuzuia kuhara, kitu cha kutuliza kichefuchefu. Nikiwauliza wanatumia dawa gani nyingine, bahasha inafunguliwa juu ya kaunta na ndani mna kapesitabini, au tamoksifeni, au imatinibu, pamoja na karatasi iliyoandikwa Kiingereza cha herufi ndogo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeisoma.

Wengi huniambia, "Mimi sikupewa kemo, nimepewa tembe tu." Kemo ni dawa kali za kuua chembe za kansa. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, Mheshimiwa. Kapesitabini, inayopewa wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana na ya matiti, ni kemo kamili. Ikishaingia mwilini inageuka kuwa dawa ileile ambayo watu wamekuwa wakitundikiwa kwa dripu miaka mingi. Humezwa asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, aghalabu kwa siku 14 mfululizo, kisha mgonjwa hupumzika siku 7 kabla ya kuanza mzunguko mwingine. Zamani aliyekwenda Mombasa kwa kemo alilala wodini au alikaa kitini na nesi yuko hatua mbili kutoka kwake. Leo anapewa pakiti, anapanda basi, anavuka bahari kutoka gati ya Mokowe, na nesi amebaki huko huko.

Mama mmoja anayechoma mahamri alikuja akiwa amejifunga leso mikononi. Alipozifungua, viganja vilikuwa vyekundu kama vilivyobabuka, ngozi inachunika kwenye vidole, na nyufa zimeingia mpaka kwenye vikunjo. Hii ni athari inayojulikana sana ya kapesitabini. Hushika viganja na nyayo, na huzidi kwa maji ya moto, jiko na kusugua, yaani kazi zake zote za siku. Akaniambia, "Mwanangu, zaniunguza mikono. Nimeziwata." Yaani ameziacha; pakiti ilikuwa imebaki nusu. Nikamuuliza kama daktari anajua. Hapana, na hakukusudia kumwambia. Akirudi kliniki atasema amemaliza zote, asije akagombezwa.

Fikiria kinachofuata. Daktari atampima, akikuta uvimbe umekua ataamini kwamba dawa imeshindwa, na huenda akamwondolea dawa ambayo ingali inamfaa. Yote hayo kwa sababu mtu hakuambiwa jambo moja: mikono ikifika hali ile, daktari husimamisha dawa kwa siku kadhaa mpaka ngozi ipone, kisha mgonjwa huendelea, na ikibidi hupunguziwa dozi. Hilo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Mafuta mazito ya kupaka yaanze mapema kabla ngozi haijachanika, maji yawe ya baridi, viatu visibane. Hina yenye piko ikae mbali na mikono hiyo, hata kama arusi ni ya mtoto wa ndugu.

Lakini mama huyo si anayenitia hofu zaidi. Anayenitia hofu ni yule mgonjwa mtiifu. Alikuja kijana kumnunulia babake dawa ya kuhara. Mzee anaharisha siku ya tatu, usiku haamki kwa swala, anaamka kwa choo. Na tembe? "Hajakosa hata moja," akajibu kwa fahari, kwa sababu hospitalini waliwasisitizia mgonjwa asiruke dozi. Mheshimiwa, mgonjwa wa kapesitabini akizidisha kwenda choo kwa mara 4 au zaidi juu ya kawaida yake kwa siku, au akianza kuharisha usiku, hutakiwa kusimamisha tembe na kuwapigia waliomwandikia siku hiyo hiyo. Anayeendelea kumeza anajikausha maji, figo zinadhurika, na anaweza kufa kwa dawa kabla ya kansa. Wako pia watu wachache ambao miili yao ina upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja dawa hii. Kwao hata dozi ya kawaida ni sumu, na dalili hujitokeza katika siku za mwanzo. Tumewahubiria watu kutokosa dawa, hatukuwafundisha lini waache na wampigie nani.

Nilimwambia yule kijana wasimamishe, wampe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, na wapige simu. Simu yenyewe? Namba iliyoko kwenye kadi ilikuwa ya mapokezi ya hospitali moja nje ya kaunti. Iliita mpaka ikakatika. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Hizo dawa nyingine nazipitia upesi. Tamoksifeni ni tembe moja kwa siku kwa miaka 5, wengine hata 10, kwa wanawake ambao kansa yao ya matiti hulishwa na homoni. Joto linalowapanda ghafla, juu ya joto letu la Januari na buibui, linawafanya wengi waiache mwaka wa kwanza; na hakuna anayewaambia kwamba mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, huenda ni damu iliyoganda, waende hospitali mara moja. Imatinibu, ya kansa ya damu, imezwe na chakula na bilauri kubwa ya maji, na mabalungi yaepukwe kwa sababu yanaweza kuipandisha dawa hiyo katika damu. Hii mgonjwa hujihisi mzima kabisa huku akiimeza, na ndiyo maana hushawishika kuiacha.

Wasisemwe watu wa Lamu kwamba ni wazembe. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, takriban nusu tu ya wenye maradhi ya muda mrefu ndio wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa. Sisi tuna bahari juu ya hayo yote. Wakati wa kusi, mtu wa Ndau au Kiwayu anaweza kukaa siku nyingi bila kuvuka, na tembe zake zikamwishia huku anaitazama mashua imefungwa.

Sasa ombi langu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeviweka vituo vya afya na famasia za kaunti mikononi mwenu, kwa hiyo sikuombi la Nairobi. Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, na nani analipa nini nitayaacha. Hayo yana barua zake.

Naomba namba moja ya simu. Iwe ya bure, ipokewe usiku na mchana na nesi au mfamasia aliyefundishwa dawa hizi, akiwa pale Hospitali ya King Fahd, mwenye njia ya kumfikia daktari wa saratani anayemtibu mgonjwa. Nimeiweka mbele ya yote kwa makusudi. Ukinipa hii peke yake na ukaninyima yanayobaki, nitashukuru.

Zahanati za visiwani na za bara, kutoka Kiunga mpaka Witu, ziwe na ORS, loperamidi ya kuzuia kuhara, dawa ya kichefuchefu na mafuta ya ngozi yanayotosha. Ni dawa za bei ndogo. Haifai mtu amebeba tembe za maelfu ya shilingi kisha azitupe kwa kukosa kopo la mafuta.

Wahudumu wa afya wa jamii tunao tayari. Serikali kuu iliwazindua mwaka 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima, na katika mikoba yao mna kipimajoto. Mgonjwa wa kemo akifika nyuzi 38 hiyo ni dharura, si homa ya kumeza panadol na kulala. Mhudumu apite kwa mgonjwa katika mzunguko wa kwanza, aangalie viganja, mdomo na choo, ahesabu tembe zilizobaki bila kumgombeza mtu. Awaelekeze na wenye nyumba: tembe zisipondwe wala kukatwa, wajawazito wasizishike, zisiwekwe jikoni kwenye mvuke, na dozi iliyosahaulika isilipwe kwa kumeza mara mbili. Na kile kipimo cha damu cha kabla ya kila mzunguko kifanyike hapa, majibu yatumwe, na tembe zije kwa utaratibu badala ya mgonjwa dhaifu kupigwa na barabara mpaka Mombasa kila mara.

Kuna na Ramadhani. Kila mwaka wapo wanaofunga kimya kimya, wakasogeza dozi ya asubuhi mpaka futari na kuzimeza mbili pamoja. Surati Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa waziwazi, lakini muuza dawa akimwambia hivyo mzee wa Pate, hamsikii. Atamsikia khatibu wake. Idara yako ikae na masheikh katika Shaabani, wapewe maelezo haya wayatoe kwa lugha yao. Siku za Maulidi, wakati Msikiti wa Riyadha umejaa wageni kutoka kila pembe, meza moja ya wauguzi pale nje ingewafikia watu ambao kliniki haijawahi kuwaona.

Karatasi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja kwa kila dawa, yenye herufi kubwa na ile namba ya simu juu kabisa, naweza kuiandaa pamoja na wafamasia wako bila malipo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo kutakuwa na kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Nitahudhuria, na nitauliza fungu la simu hii liko ukurasa gani.

Wako,
Muuza dawa wa Langoni, Lamu.