Kanisa lisiwaache waraibu peke yao na siri zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jambo ambalo sisi Wakristo hulikemea kwa sauti kubwa madhabahuni na kulinyamazia tufikapo nyumbani, nalo ni dhambi iliyokwisha kuwa mazoea, na mazoea yaliyokwisha kuwa uraibu. Nitasema ya pombe kwa kuwa ndiyo ninayoijua, ingawa naamini aliyeshindwa kuacha kamari au picha za ngono atajiona humu.

Kwa miaka tisa nilikunywa kwa siri huku nikiimba kwaya. Chupa niliificha ndani ya buti la mvua, nyuma ya kabati, na kabla ya mazoezi nilimung'unya pipi za mnanaa ili nisinuke. Kila Jumapili ulipotolewa wito wa kutubu nilitubu, tena kwa machozi ya kweli, na mara nyingi hata Jumatano haijafika mkono ulikuwa umekwisha kuingia tena ndani ya lile buti. Wasemao kwamba mlevi hataki kuacha hawajamwona akimwaga pombe yote kwenye sinki usiku wa manane, kisha akangoja kukuche akanunue nyingine.

Mtume Paulo aliijua hali hii alipowaandikia Warumi: "Kwa maana lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Augustino, aliyeongoka mwaka 386 na baadaye akawa askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliufananisha utumwa wake na mnyororo: nia iliyopotoka huzaa tamaa, tamaa ikitumikiwa huzaa mazoea, na mazoea yasipopingwa hugeuka kuwa lazima. Madaktari wa leo, kwa lugha yao, hawako mbali na hapo. Wanaeleza kwamba ubongo huuzoea ulevi hata kiasi kilichotosha jana kisitoshe leo, na kwamba kitu kidogo tu, kama harufu au saa fulani ya jioni, chaweza kuamsha hamu ambayo mtu alidhani imekufa. Kwa hiyo sioni faida ya ubishi wetu wa kila siku kama ulevi ni dhambi au ni ugonjwa. Mtu huweza kuingia mtegoni kwa hiari yake, na asiweze kutoka kwa hiari hiyo hiyo.

Hapa niwasihi wachungaji jambo moja, maana ni la uhai. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla, anaweza kupatwa na degedege na kuweweseka ndani ya siku chache za mwanzo, na wengine hufa. Muombeeni, muwekeeni mikono, lakini msimzuie kwenda kwa daktari, wala msimwambie kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani.

Hata hivyo, kilichonifunga mimi kuliko pombe yenyewe kilikuwa siri. Yakobo ameandika, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa," nasi tumelifanya andiko hilo kuwa la kukaririwa tu, kwa sababu tunajua linalompata anayelitii: jina lake hufika kwa majirani kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Mimi nilibahatika. Nilimwambia mzee mmoja wa kanisa, nikitetemeka, nikitazamia hotuba. Aliniuliza tu, "Iko wapi?" Tukaenda naye hadi nyumbani, akainama mwenyewe, akaitoa chupa katika buti. Kwa miezi mingi baada ya hapo alinipigia simu kila siku saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa nilimwambia hiyo ndiyo saa yangu ya kuanza. Nilianguka mara mbili katika muda huo. Mara zote mbili nilimweleza kesho yake, na jioni simu ikaita kama kawaida.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili, mfanyabiashara na daktari, waligundua kwamba mmoja akizungumza na mwenzake bila kuficha kitu, wote wawili huweza kukaa bila kunywa. Kutokana na hao kikazaliwa chama cha walevi wanaosaidiana ambacho leo kimeenea duniani, na sehemu ya desturi zake, kuungama kukiwemo, ilitoka katika ushirika wa Kikristo waliouhudhuria. Inanisikitisha kwamba lililotoka kwetu tumelisahau.

Bwana Yesu alisema, "Basi Mwana akiwaweka huru, mtakuwa huru kweli kweli," nami nalishuhudia hilo kwa moyo wangu wote. Lakini Yesu huyo huyo alipomwita Lazaro kutoka kaburini, Lazaro alitoka akiwa hai na bado amefungwa sanda miguu na mikono, na uso wake umefungwa leso. Uhai aliutoa Bwana peke yake. Kazi ya sanda aliwaachia waliosimama pale: "Mfungueni, mkamwache aende zake."

Katika makanisa yetu ushuhuda ni wa aliyekwisha kushinda, naye anayepambana hana zamu. Akianguka tunasema "amerudi nyuma", na neno hilo linafunga mjadala. Sikatai kwamba wakati mwingine inafaa apumzishwe utumishi kwa muda, ila afanyiwe hivyo faraghani, na asiondoke hapo bila mtu wa kumsindikiza. Kila ushirika ungeweza kuchagua watu wawili watatu wanaojua kutunza siri, wakajulikana kwa kazi hiyo kama wanavyojulikana walimu wa kwaya.

Ningefurahi kusoma katika ukurasa huu majibu ya wachungaji wetu: mtu akiwajia kesho na kuwaambia amekunywa tena, mnaye nani wa kwenda naye nyumbani jioni hiyo?

Wako katika Kristo,
Msomaji wa gazeti lako