Kwa Nini Mche Wetu Mfupi Ni Ghali Kuliko Mti Mrefu wa Barabarani

Lalamiko hili limetufikia tena, safari hii kutoka kwa mteja wa Sinza aliyeona tumemdhulumu, kwa kuwa tulimtoza kwa mche wa mkwaju unaofika gotini fedha nyingi kuliko alizolipa jirani yake kwa mti unaomzidi mtu kimo, ulioletwa na kirikuu na kupandwa asubuhi moja. Tunalijibu hadharani kwa sababu si la mteja mmoja.

Mti mrefu ndani ya kiriba kidogo, yaani mfuko wa nailoni wa kukuzia miche, ni mti uliochelewa kuuzwa. Mizizi yake ilipogota ukingoni ilikosa pa kwenda, ikajizungusha, na hubaki imejizungusha hivyo hata baada ya kuwekwa ardhini. Tuliwahi kuitwa Tabata kung'oa mti wa ashoki uliolalia uzio. Tulipoufukua tulikuta mizizi ingali na umbo la kiriba, vipande vya nailoni vikiwa vimeibana. Mwenye nyumba alikuwa amelipia mti, akalipia kuung'oa, kisha akamlipa fundi wa ukuta.

Sehemu kubwa ya bei yetu, hata hivyo, imo shimoni. Viwanja vingi vya Dar es Salaam vina kichanga kilichofunikwa na kifusi cha ujenzi, na mabaki ya saruji huongeza alkali kwenye udongo hadi majani yanageuka njano huku mteja akizidi kumwagilia bila mafanikio. Sisi huchimba shimo la upana wa mita moja, tukaondoa kifusi chote, tukarudishia udongo uliochanganywa na mboji na samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi. Kazi hiyo huchukua sururu na jasho la watu wawili, na hatuko tayari kuipunguza ili bei ishuke.

Linalotuumiza zaidi ni pevingi, yaani vitofali vya kufunika uwanja. Tunaacha duara wazi kuzunguka shina na kulifunika kwa matandazo, kisha mteja anamwita fundi aipange hadi kwenye gome ili uwanja upendeze. Mvua inanyesha, maji yanakimbilia mtaroni, na mti unakauka kwa kiu katikati ya masika. Mche uliokufa hivyo hatuurudishii bure.

Kuhusu aina, tunasisitiza miti ya asili ya pwani hii, kama mkongo na msandarusi, ambayo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi bado inaihifadhi karibu kabisa na jiji. Mkuyu nao huleta ndege wengi kwa matunda yake, lakini hatuupandi karibu na nyumba wala karo la majitaka kwa malipo yoyote, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji. Anayetaka kuona mti hufikia ukubwa gani aitembelee Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 katikati ya jiji, kabla ya kuchagua.

Bei yetu inajumuisha mche uliokwisha kuzoeshwa jua, shimo, mboji, matandazo, na ukaguzi wetu katika kiangazi cha kwanza. Maombi ya masika tunayapokea kuanzia Januari, kwa sababu shimo huandaliwa kabla ya mvua za Machi, na atakayetupigia Juni tutamwandikisha kwa ajili ya vuli.