Taarifa ya mwenyekiti wa klabu ya picha: mwaka wetu wa kupiga picha usiku

Wanachama wenzangu, habari za saa hizi. Najua katibu ameidai hii taarifa tangu mwezi uliopita, nisameheni bure, kila nikikaa kuandika naona mwanga mzuri nje nachukua kamera naondoka.

Mwaka huu tulikubaliana kitu kimoja tu, nyeusi na nyeupe, mtaani, usiku, rangi hakuna, na wapo walionuna (mnajijua). Miezi ya kwanza picha zilikuwa mbaya jamani, niseme ukweli, na kosa halikuwa la kamera, ni woga wa giza. Mtu anapiga vizuri kabisa, akifika nyumbani anafungua kompyuta anavuta vivuli juu mpaka usiku unafanana na jioni ya mawingu, ukuta wote unaonekana, mapipa yanaonekana, na yule mpita njia aliyekuwa chini ya taa kapotelea humo humo. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, kazi yake ni kukisia kila kitu ni kijivu cha katikati, ndo ilivyotengenezwa, sasa ukiipa barabara yenye giza inadhani umekosea inaongeza mwanga. Ikatalie. Shusha stopu moja (yaani punguza mwanga nusu), hata mbili, pimia uso ulioko kwenye taa, kilichobaki kiache kife.

Ile picha iliyoleta ubishi mpaka tukafukuzwa ukumbini mnaikumbuka, mlango wenye giza totoro, mkono unawasha kiberiti, nusu kidevu, na mstari mwembamba wa mwanga kwenye bomba la mvua, basi. Wengine walisema haina kitu, mi nasema ndo picha ya mwaka, kwa sababu kila mmoja pale aliuliza huyo ni nani na anamsubiri nani. Ukiinua kivuli hapo unakuta mlinzi anavuta sigara, stori imeisha.

Kwanini nyeusi na nyeupe, mnaniuliza kila siku. Zile taa za zamani za njano kabisa, za sodiamu ya presha ndogo, zinatoa karibu rangi moja tu, kwenye nanomita 589, kwa hiyo hapo hata ukipiga kwa rangi hakuna cha kurekebisha. Na sasa hivi LED zimeingia, zina shida yake nyingine, baadhi zinapepesa, pale umeme ni wa 50 Hz zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ndo maana wale mliotumia shata ya kielektroniki, inayosoma picha mstari kwa mstari, mlirudi na michirizi ya kukata picha nzima mkadhani kamera zimekufa. Tumieni shata ya kawaida, ile ya pazia, kwa 1/50 au 1/100 ya sekunde, mambo yatatulia.

Upande wa filamu tumejitahidi, HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe yenye ISO 400 (kipimo cha wepesi wa kushika mwanga), tukaisukuma, yaani tukaipiga kama ya 1600 na kuiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi, chenga za picha zinakuwa nene lakini usiku chenga sio ugonjwa. Mkiweka stendi mkumbuke filamu inachoka kushika mwanga ikifunguliwa muda mrefu, mita ikisema sekunde 10 usiipe 10, iongezee. Na mimi mwenyekiti wenu, tena siku ya kuwafundisha wageni, nilipiga usiku mzima najisikia fundi kweli kweli, kaunta ikafika 36, mwisho wa filamu, ikafika 38, 40, nikapata jasho. Filamu haikushika kwenye spuli inayoivuta. Nilikuwa napiga hewa! Tangu siku hiyo kila nikivuta leva naangalia kama kile kirungu cha kurudishia filamu kinazunguka.

Kwenye vikao vya kuangalia wakubwa tulikaa sana kwa wapiga picha wa usiku wa zamani, Brassaï na Weegee, na ukiwaweka pamoja unacheka. Brassaï huko Paris miaka ya 1930 anaweka stendi kwenye ukungu anapima muda wa kuacha kamera wazi kwa kuvuta sigara, aina hii kwa mwanga huu, ile nene ikiwa giza zaidi, anasubiri. Weegee huko New York redio ya polisi iko kwenye gari, flashi usoni, pwaa, ameondoka. Klabu yetu imegawanyika hapo hapo na sijaribu kuwapatanisha, ila nikiri moyo wangu uko kwa mwenye sigara.

Kuhusu waliolala nje: tulipiga kura, hatuwapigi picha. Mmoja wetu alibisha kwamba ni historia, nilimsikiliza, sikubadilika, mtu aliyelala hawezi kukukatalia. Aliye macho akikunja uso shusha kamera endelea na safari.

Hesabu atasoma mweka hazina mwenyewe, mi nikizisoma nazikosea. Uchaguzi ni baada ya hapo, nagombea tena, msishangae. Na aliyeazima ile faneli ya chumba cha giza airudishe, tunamimina fiksa (dawa ya kudumisha picha) kwa chupa iliyokatwa na sakafu imeshaharibika.